Joto Kabla ya Dawa: Watoto wa Mbwa Katika Usiku wa Kiangazi

Alfajiri moja ya mwezi wa saba mzee mmoja mwindaji, jirani yangu hapa Kabambare, alibisha hodi akiwa na kartoni ya sabuni kwapani. Ndani mlikuwa na watoto sita wa mbwa, wa siku nne. Wawili walikuwa wamekwisha kukauka. "Nyoka za tumbo zimewamaliza," akasema. "Nipe dawa, mwanangu, niwaokoe hawa." Nikamtia mmoja kidole kinywani. Ulimi ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni. Hakunyonya kidole, hakulia, hakujikunja. Minyoo haikuwa na kosa lolote alfajiri ile. Wawili wale walikuwa wameuawa na baridi, na dawa aliyoitaka mzee, lau ningempa, ingewafuatisha wanne waliobaki.

Mtu wa Maniema ya kusini akisikia neno baridi, mawazo yake yanakwenda Bukavu, kwa wenye makoti. Sisi ni watu wa michikichi na jua. Lakini amka saa tisa za usiku katikati ya kiangazi, mbingu haina wingu, umande umeshika nyasi, kisha ujiulize kwa nini umejivuta kikwembe hadi masikioni. Wewe una kilo sitini na zaidi. Mtoto wa mbwa wa kijijini anazaliwa na gramu kama 200, na wale wadogo wenye manyoya marefu wanaoletwa na wasafiri kutoka Goma na Bujumbura huzaliwa na gramu 100 hivi, uzito wa yai moja kubwa na nusu. Kitu kidogo hivyo hupoa upesi kama chai kwenye kisahani.

Tena hana jiko la ndani. Mtu mzima akipatwa na baridi hutetemeka, na kule kutetemeka ndiko kunakompasha moto. Mtoto wa mbwa katika wiki yake ya kwanza hajui kutetemeka. Mbwa mzima ana joto la nyuzi 38 na kitu. Mchanga ana 35 hadi 37 tu, na hayo yote ameyaazima kwa mama yake, kwa ndugu zake na kwa matandiko. Akitenganishwa nao nusu saa juu ya udongo mbichi, anaanza kushuka. Akifika chini ya nyuzi 34 hivi, utumbo unasimama. Maziwa aliyonyonya yanabaki tumboni yakichacha. Hapo mama yake humsukuma kando kwa pua, na watu husema "mama amemkataa, amejua ana ugonjwa." Mama amesikia ngozi baridi tu. Nimewahi kumrudisha aliyekataliwa, baada ya kumpasha joto, akapokewa na kulambwa kana kwamba hakuna lililotokea.

Kwa hiyo ukimkuta mtoto amelegea, usimpe maziwa, usimpe dawa. Kwanza mpe joto, na umpe polepole. Mfunge kifuani, ngozi kwa ngozi, chini ya nguo, kama wanavyofanya akina mama waliojifungua watoto njiti hospitalini. Itachukua saa moja, pengine tatu. Usimtumbukize kwenye maji ya moto wala usimweke kandokando ya moto: ngozi hupata joto upesi, damu ikakimbilia huko, na moyo ambao bado ni baridi ukashindwa. Mgeuze ubavu mara kwa mara. Anapoanza kujinyonganyonga na kutafuta kwa mdomo, mpake tone la asali kwenye ufizi, kwa kuwa sukari ya mwili wake imekwisha pamoja na joto. Tone tu, si kijiko. Halafu ndipo umpeleke kwenye chuchu. Wale wanne wa mzee walikaa ndani ya shati langu na la mwanangu hadi jua lilipopanda. Watatu waliishi.

Sasa swali la mahali. Huku kwetu, kuanzia Kasongo hadi Kabambare, nyumba nyingi ni za Waislamu, na mate ya mbwa yanataka kuoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa kuwinda anaruhusiwa, lakini halali chumbani. Sipendi kusoma ushauri unaomwambia mtu aweke kasha la mbwa kando ya kitanda chake kana kwamba dunia nzima inaishi namna moja. Jiko la nje linafaa kabisa, na hata kwa nyumba zisizo za Kiislamu mimi nalipendelea: lina moto wa jioni, lina paa, na mama mbwa amelizoea.

Chagua kona isiyopigwa na upepo wa mlangoni. Mwaga majivu makavu chini, weka mbao mbili au matofali, juu yake kartoni au kikapu kipana ambacho mama ataweza kujinyoosha. Udongo unanyonya joto kuliko hewa, ndiyo maana sakafu ni adui mkubwa kuliko dirisha. Kingo ziwe na kimo cha shubiri moja hivi: mama aruke, mtoto asitambae nje. Tandika kikwembe kikuukuu kilichofuliwa, ukibadilishe kila kikilowa. Usitandike gunia la nailoni lenye nyuzi. Nyuzi hujizungusha mguuni, na asubuhi unakuta kidole cheusi.

Umeme hatuna, kwa hiyo taa ya joto ya vitabuni tuiache vitabuni. Tuna chupa za plastiki. Jaza chupa mbili maji ya moto ambayo mkono unayavumilia, zifunge barabara, zivishe soksi au kitambaa, uzilaze upande mmoja tu wa kikapu. Upande mmoja, nasisitiza, ili anayeona joto limezidi apate pa kukimbilia. Zitadumu saa tatu nne, kisha mtu aamke abadilishe. Ni kazi, sikufichi. Chupa iliyopoa ni mbaya kuliko kutokuwa na chupa, kwa sababu inageuka kunyonya joto la mtoto aliyeiegemea. Tofali lililokaa kando ya moto na kufungwa kwa nguo nene linadumu zaidi, lakini ligusie shavuni mwako kwanza.

Mbabula usiingize. Najua inavyovutia: makaa yamebaki mekundu, usiku ni baridi, unaisogeza kwenye kona ya watoto na kufunga mlango. Makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu wala rangi, na viumbe wadogo waliolala chini huishiwa pumzi kabla mtu mzima hajaumwa hata kichwa. Hewa hiyo huua watu pia kila mwaka katika vyumba vilivyofungwa. Mbabula ichemshe maji ya chupa, ikae nje.

Utajuaje kama joto linatosha? Wiki ya kwanza hewa ya kikapuni inatakiwa kuwa nyuzi 29 hadi 32, wiki ya pili 26 hadi 29, kisha inashuka kidogo kidogo. Usipokuwa na kipimajoto, watoto wenyewe ndio kipimajoto. Wakirundikana kama viazi na kulialia, wanaona baridi. Wakitawanyika kila mmoja na pembe yake, vinywa wazi, umewapika. Wakilala ubavuni wakigusana, miguu ikirukaruka usingizini, waache. Kule kurukaruka huwatisha wengi, wakadhani ni degedege. Ni usingizi wa afya, na mtoto asiyerukaruka kabisa ndiye wa kutazamwa.

Niseme neno kuhusu mbwa wetu wenyewe, maana wako wanaodhani ushauri huu ni kwa mbwa wa kupakatwa tu. Mbwa wa kuwinda wa misitu ya Kongo, yule mwenye masikio ya kusimama na mkia uliojikunja, anayevalishwa kengele ya mti kwa kuwa habweki, anajulikana duniani kwa jina la Basenji. Sikiliza vizuri, ni neno letu: washenzi. Katika siku za misafara, wafanyabiashara wa Kasongo na Nyangwe walijiita waungwana na kuwaita wengine washenzi. Waungwana wakaiachia lugha yetu jina, Kingwana. Washenzi wakamwachia mbwa. Wazungu walimchukua na jina lake la dharau, wakamwonyesha kwenye maonyesho ya Crufts huko London mwaka 1895, na wale wa kwanza wakafa muda mfupi baadaye kwa ugonjwa wa distempa. Waliofanikiwa ni waliopelekwa na mfugaji wa mbwa Olivia Burn, walioonyeshwa hapo hapo mwaka 1937. Leo mtu wa Ulaya anamnunua kwa bei ya ng'ombe wetu. Jambo moja la mbwa huyu linahusu mada yetu moja kwa moja: jike lake huingia joto mara moja tu kwa mwaka, wakati mbwa wengine ni mara mbili. Uzao ukipotea, mwindaji amepoteza mwaka.

Na hao mbwa wadogo wa manyoya marefu wanaoletwa na wasafiri, si wageni sana katika njia ya kuja kwetu. David Livingstone, aliyefika Bambarre, ndiyo Kabambare hii, mwaka 1869, na kukwama hapa miezi mingi kwa vidonda vya miguu, alikuwa na mbwa wa aina ya poodle aitwaye Chitane. Mbwa huyo hakufika. Alizama kwenye kinamasi katika nchi ambayo leo ni Zambia, Januari 1867, akijaribu kuwafuata watu waliokuwa wakivuka.

Turudi kikapuni, tutafute mizani. Macho yanadanganya: mtoto mwenye minyoo ana tumbo kubwa na mwenye nyumba anajisifu kuwa ameshiba. Mtoto mwenye afya huongezeka kila siku, na katika siku nane hadi kumi uzito wake wa kuzaliwa unakuwa mara mbili. Asiyeongezeka siku moja, mtazame. Asiyeongezeka siku mbili, msaidie. Mizani ya sokoni haioni gramu 10. Lakini tunaishi katika nchi ya dhahabu. Kuanzia Namoya na Salamabila hadi vijiji vya mbali kuna wanunuzi wenye mizani ndogo ya betri, na nyingine zinapima hadi gramu 500. Nenda kwa adabu, na bakuli lako la plastiki, uombe mtu mchana wakati hana mteja. Wa kwangu alicheka kwanza, kisha akawa yeye ndiye anayeuliza: "Yule mwekundu leo ana ngapi?" Andika kwenye karatasi. Bila uzito hakuna dawa, nami sitaki kukuficha kwamba hapa ndipo watu wengi wanapoua mbwa wao.

Minyoo mikubwa ya mviringo, michango, haisubiri mtoto ale uchafu. Mama aliwahi kuipata zamani, viluwiluwi vyake vikalala katika nyama ya mwili wake, ambako hakuna dawa ya kawaida inayovifikia vizuri. Akishika mimba ya siku kama 40 hivi, katika zile 63 za ujauzito, vinaamka, vinapita kwenye kondo na kuingia kwa watoto tumboni. Vingine vinafuata kwa maziwa. Kwa hiyo mtoto anazaliwa na deni tayari. Safura ni ndugu mbaya zaidi: inapita kwenye maziwa, inang'ata utumbo na kunywa damu. Ikiwa nyingi, mtoto wa wiki mbili au tatu anakuwa na ufizi mweupe kama karatasi na kinyesi cheusi kama lami, akafa kabla yai moja la mnyoo halijaonekana kwenye kinyesi chake. Yule anayesema "nasubiri nione minyoo ndipo nimpe dawa" anasubiri mazishi.

Kipimo cha kwanza kinatolewa siku ya 14. Kisha kila baada ya wiki mbili: wiki ya nne, ya sita, ya nane, halafu kila mwezi hadi miezi sita. Kurudia si tamaa ya muuza dawa. Dawa inaua iliyo utumboni siku ile. Ile iliyo njiani, inayopita kwenye mapafu, inafika wiki ijayo ikiwa hai.

Dawa ninayoiamini kwa wachanga ni pirantel, ile ile ya maji wanayopewa watoto wa binadamu, inayopatikana katika farmasi nyingi. Utumbo hauinyonyi sana, inabaki pale inapotakiwa, ndiyo maana ina usalama. Lakini soma karatasi ya chupa. Nyingi zina miligramu 50 za pirantel katika kila mililita. Nyingine zinaandika 144 za pamoate, ni kitu kile kile. Mtoto wa mbwa anahitaji miligramu 10 kwa kilo. Yule wa gramu 400 anahitaji miligramu 4, na hiyo ni chini ya mililita 0.1 ya dawa nzito. Hakuna kijiko kinachopima hivyo. Tikisa chupa vizuri, vuta mililita 1, ichanganye na mililita 9 za maji yaliyochemshwa yakapoa. Sasa kila mililita ina miligramu 5, na hesabu inakuwa nyepesi: mililita 0.2 kwa kila gramu 100 za mtoto. Wa gramu 250 anapata 0.5, wa gramu 500 anapata 1. Chupa ikiwa ya miligramu 25, ongeza maji 4 badala ya 9. Tumia bomba la sindano bila sindano yake, uingize pembeni ya mdomo, mtoto amelala kifudifudi, si chali kama mtoto wa mtu, asije akapaliwa. Mchanganyiko unaobaki mwaga, hauwekeki.

Na awe na joto, na awe amenyonya. Kama siku ya 14 imefika na mtoto amepoa, siku ya 14 isubiri hadi jioni.

Mama apewe siku ile ile. Mbwa mzima kwa kila kilo anahitaji nusu ya kipimo cha mtoto, kwa hiyo jike la kilo 10 linatosheka na mililita 1 ya dawa nzito ya 50. Watu humsahau, wakashangaa watoto wanaambukizwa upya. Wenye njia ya kupata fenbendazole wanaweza kuwapa wachanga miligramu 50 kwa kilo, siku tatu mfululizo, na ndiyo dawa ya pekee ninayoweza kumpa jike mwenye mimba bila wasiwasi. Huku Kabambare si rahisi kuipata. Aendaye Uvira au Bukavu umwagize.

Vinavyopatikana kwa urahisi ndivyo vinavyonitia hofu. Vidonge vikubwa vya albendazole vya ng'ombe na mbuzi: mtu anakata robo kwa kisu na kumpa mtoto wa nusu kilo. Albendazole huweza kuharibu uboho wa mbwa unaotengeneza damu, na kwa jike mwenye mimba inaharibu watoto. Ivermectin ya sindano ya ng'ombe ni mbaya zaidi. Imekolea mno kwa kiumbe wa gramu 500, na ubongo wa mchanga haujapata kinga ya kuizuia. Anatetemeka, anaanguka, halafu anakuwa kipofu au anakufa. Niliwahi kuuziwa mimi mwenyewe chupa hiyo na muuzaji aliyeniapia kuwa "ni ya wanyama wote." Mafuta ya taa na maji ya tumbaku wapewayo mbwa vijijini sitayajadili, tumbaku ni sumu, basi.

Siku mbili tatu baada ya dawa utaona kinyesi chenye nyuzi kama tambi, pengine mtoto akatapika moja. Usiogope, ndiyo kazi. Ila mtoto aliyekuwa na tumbo la ngoma akiacha kunyonya kabisa na kutapika mfululizo, utumbo huenda umezibwa na minyoo iliyokufa, na huyo anahitaji mganga wa wanyama siku hiyo hiyo. Ukiona vipande vidogo kama mbegu za mpunga vinavyotambaa karibu na mkia, hilo ni tegu. Pirantel hailigusi, na lililetwa na viroboto. Majivu chini ya kikapu na kufua vikwembe kunasaidia kuliko mtu anavyodhani.

Kinyesi kiokotwe kila siku na kuzikwa mbali na mahali watoto wa nyumba wanapochezea. Yai la mchango likitoka halina nguvu bado. Linahitaji wiki mbili au zaidi udongoni kabla ya kuweza kuambukiza, baada ya hapo linaishi miaka. Kwa hiyo kuokota leo ni kuondoa kitu kisicho na meno. Mtoto wa mtu akilimeza, viluwiluwi vinatangatanga mwilini mwake, na mara nyingine vinafika jichoni. Na safura ya mbwa huingia kwenye nyayo tupu na kuchora mistari inayowasha. Ndiyo maana dawa ya mbwa ni jambo la nyumba nzima, hata kwa yule asiyetaka mbwa apite mbele ya mkeka wake.

Mama anyonyeshaye alishwe mara mbili au tatu ya kawaida yake. Ukoko wa wali na bukari peke yake haufanyi maziwa. Mwongezee ndagala waliosagwa, yai, mawese kidogo, na maji mengi. Mifupa ya kuku iliyopikwa isimfikie.

Akifa mama, au akikosa maziwa, changanya maziwa ya mbuzi kikombe kimoja na kiini cha yai na kijiko kidogo cha mafuta ya mboga, yawe vuguvugu kama ngozi yako, kila saa tatu, mchana na usiku. Ni ya kuvusha siku chache tu, si ya kulea nayo. Baada ya kila mlo futa chini ya tumbo kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu hadi akojoe, maana bila ulimi wa mama hawezi. Wengi husahau hilo, wakamlaumu mbuzi.

Kufikia wiki ya nne mtoto hatoshi tena kwenye sahani ya mnunuzi wa dhahabu. Hapo ndipo unapohamia sokoni: mtie kwenye mfuko, uutundike kwenye mizani ya kulabu, usome, kisha upime mfuko mtupu uutoe. Ataruka na kulia, sindano ya mizani itacheza. Subiri anyamaze, maana kipimo cha dawa kinatoka kwenye namba ile anapotulia.